Onja Kwanza

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa maji, kwetu Lobule, karibu na mpaka wa Kongo, kitu cha kwanza nilichofundishwa kumfanyia mgeni kilikuwa kuonja. Unachota maji mtungini, unapiga funda moja mgeni akikuona, unameza, ndipo unapiga magoti na kumpa kikombe. Uji ulionjwa, pombe ilionjwa, hata chai ilionjwa, na niliwahi kuunguza ulimi kwa ajili ya katekista aliyekuja kutuombea. Mgeni aliyepewa kikombe kisichoonjwa alikuwa na haki ya kukiweka chini na kuaga.

Sababu ilikuwa sumu. Walugbara wa Arua huiita enyanya, na sisi wa Koboko tuna jina letu, lakini hofu ni ileile. Ilisemekana kuna wanawake walioirithi kutoka kwa mama zao, na kwamba sumu ikikaa ndani ya nyumba bila kutumika humsumbua mwenyewe mpaka ampe mtu. Ilifichwa chini ya ukucha, na kuchovya kidole kulitosha. Sisi watoto tulikuwa tukikagua kucha za akina mama kanisani badala ya kusikiliza mahubiri. Leo nacheka nikikumbuka hilo la kucha. Mengine hayachekeshi.

Jirani yetu alikuwa Mama Furaha, mjane aliyevuka kutoka Kongo na binti yake mmoja. Baba yangu aliwapa kipande cha shamba kando ya letu. Furaha na mimi tulikuwa rika moja, tukilala chali chini ya ghala la mtama tukisukana nywele vibaya. Mama yangu alikwisha kufariki wakati huo, na aliyenilea alikuwa Shangazi Keji, dada mkubwa wa baba, mwanamke mwenye mkono mwepesi wa kupiga na mwepesi zaidi wa kukupakulia nyama kwa siri. Watu walitania kwamba baba angemwoa Mama Furaha mavuno yakienda vizuri. Shangazi hakutania.

Hakuna aliyepika sombe kama Mama Furaha. Alitwanga majani ya muhogo mpaka yakawa laini, akaweka samaki mkavu na mawese, na pilipili ya kumtoa mtu machozi. Baba alipeleka muhogo mkavu mjini Koboko kwa baiskeli, na akirudi alipita kwanza kwa Mama Furaha kula, kisha ndipo akaja nyumbani kujifanya ana njaa.

Mama Furaha alikuwa na tabia moja tu ya kuwatia watu wasiwasi: hakuonja. Alileta chakula kimefunikwa, akanawisha mikono ya watu, kisha akakaa pembeni akitafuna udongo mweupe aliouhifadhi kwenye pindo la kitenge. Yeye mwenyewe aliishi kwa uji mwepesi. Akiulizwa, alisema pilipili haimpendi. Baba alimtania kwamba hajawahi kuona mpishi anayekiogopa chakula chake, naye alicheka na pengo lake la mbele likaonekana.

Na baba mwenyewe alikuwa na tumbo la kumuuma. Hili nalisema mapema kwa sababu sote tulilijua, na siku lilipotakiwa kukumbukwa hakuna aliyelikumbuka. Tangu nimjue, alikuwa akikaa amejikandamiza ngumi chini ya kifua, akiomba maziwa, akisema ndani kuna kaa la moto.

Ilikuwa msimu wa palizi, mchana jua likiwa kali. Furaha na mimi tulikuwa tunapepeta karanga uani baba alipoingia anasukuma baiskeli. Aliiegemeza vizuri ukutani, akapiga magoti kando ya ghala, akatapika kitu cheusi kama machicha ya kahawa. Kisha ikafuata damu yenyewe, nyekundu. Shangazi alitoka jikoni, akatazama pale chini, akauliza kwa sauti ndogo, "Amekula kwa nani?"

Furaha ndiye aliyejibu. Alikuwa mtoto mwenye adabu. Mtu mzima akiuliza, yeye hujibu. "Kwetu," alisema.

Wanaume walimkalisha baba kwenye baiskeli, wawili wakimshikilia, wakampeleka hospitali Koboko. Waliobaki walikwenda kwa Mama Furaha. Hawakwenda kwa fujo. Walitembea kama watu waendao msibani, na hilo ndilo lililonitisha. Walipekua nyumba, wakampekua na mwenyewe, wakakuta udongo mweupe kwenye pindo la kitenge, na kila mtu akaukwepa kana kwamba ungeruka. Mama Furaha alieleza kuwa ni udongo tu, unatuliza tumbo. Mzee mmoja wa ukoo wetu alisema lisemwalo lipo. Tangu siku ile siipendi methali hiyo, maana nimeona ikifanya kazi ya shahidi.

Shangazi alichukua sufuria iliyobaki na sombe, akapakua sahani nzima, akaiweka mbele ya Mama Furaha.

"Onja kwanza," alisema. "Kama iko safi, onja kwanza."

"Dada Keji," Mama Furaha alisema, "tumbo yangu inawakaka moto. Hii pilipili itaniumiza."

Watu wakaguna. Kwao, jambo lilikuwa limekwisha: mwenye chakula amekataa chakula chake. Naye aliusikia mguno ule. Akakaa chini, akanyoosha miguu kama mtu aliyeamua kupumzika, akavuta sahani.

"Mimi nitakula yote," alisema. "Muniangalie."

Alikula yote. Alikula polepole, macho yake kwa Shangazi, machozi yanamtoka kwa pilipili na pengine kwa mengine, na mwisho akafuta sahani kwa kidole na kukilamba. Furaha alisimama nyuma yake ameshika bega lake. Mwanamke mmoja alianza kuondoka akiangalia chini, na wengine wakaanza kumfuata. Hapo napakumbuka mpaka leo, kwa sababu ilikuwa karibu sana kwisha vizuri.

Lakini jua halijashuka, Mama Furaha alijikunja. Jasho lilimtoka, akajikandamiza ngumi chini ya kifua, akatapika chakula chote na nyuzi za damu ndani yake. Mtu mmoja katika kundi alisema sumu imemrudia mwenyewe. Nimewauliza wengi baadaye ni nani aliyesema, hakuna anayekumbuka.

Ngumi ile chini ya kifua niliitambua. Nilikuwa nimeiona kila siku nyumbani kwetu. Lakini nilikuwa mtoto, na mtoto huona tu, hajui kuunganisha. Wakubwa ndio waliopaswa kuunganisha, na wakubwa walikuwa wanaogopa.

Asubuhi waliezua paa la nyumba yake. Yeye na Furaha walishika njia ya mpakani, binti na sufuria kichwani, mama ameinama ameshika tumbo. Sikuruhusiwa kuaga. Shangazi alikuwa amenishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi.

Baba aliporudi kutoka hospitali alikwenda moja kwa moja pale, akakuta miti mitupu ya nyumba. Hakupiga kelele. Jioni, tukila, alimwambia dada yake, "Hiyo mama hapana fanya kitu."

Shangazi akamjibu, "Wewe iko hai kwa sababu yeye ameondoka."

Ungemjibu nini? Baba hakuoa tena. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimekwisha olewa mjini Arua, alitapika damu mara ya pili, na safari hii hatukufika naye hospitali. Mama Furaha hakuwa karibu hata kidogo. Nilidhani jambo hilo lingemsafisha. Msibani wakasema ilikuwa sumu ile ya polepole, ya kukaa na kungoja.

Sasa ninaishi Awindiri, humo humo mjini Arua, na nashona sare za shule. Mwaka jana lile kaa la moto lilihamia kwangu. Niliamka alfajiri nimejikandamiza ngumi chini ya kifua, na nasema kwa aibu, wazo langu la kwanza halikuwa ugonjwa. Mimi, mama wa watoto wanaosoma, nilianza kupitia nyumba nilizokula wiki ile, na mikono iliyonipa.

Daktari alikuwa msichana ambaye ningeweza kumzaa. Baada ya vipimo alichukua kalamu akanichorea kidudu. Kilikuwa kirefu kidogo, kimejipinda kama springi iliyomo ndani ya kalamu yake, na vimikia mwishoni. Alisema ni bakteria, hujisokota kama parafujo mpaka kwenye ukuta wa tumbo, na huweza kukaa humo miaka na miaka kikichimba vidonda. Akaniuliza kama nyumbani kulikuwa na mwingine wa kuumwa hivyo. Nikamweleza habari za baba. Kisha, bila kukusudia, nikamweleza habari za Mama Furaha, mpaka udongo.

"Udongo unapunguza moto kidogo," alisema. "Huyo mama naye labda alikuwa na vidonda."

Nikamuuliza kidudu hicho mtu hukipata wapi. Alisema mara nyingi utotoni, ndani ya nyumba: maji machafu, mikono, mate, mdomo kwa mdomo. Nikamsimulia habari za kuonja. Aliacha kuandika. Akasema hawezi kujua kwa hakika, ila mdomo unaopita vikombe vyote vya nyumba ni njia pia.

Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako, na watu wetu waliutumia usemi huo kumtazama jirani. Kilichokuwa kinawala baba na Mama Furaha kilikuwa ndani zaidi ya nguo, na pengine tulikuwa tukikipitisha wenyewe, funda kwa funda, tukijilinda na sumu. Mimi nilipewa vidonge vya wiki mbili, nikapona. Sijui kama siku zile vidonge hivyo vilikuwa vimefika Koboko. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyeuliza.

Siku za soko nakwenda Inde kuuza sare, na huko wapo akina mama wa Kongo wanaouza samaki mkavu na mawese. Nimewauliza wengi habari za mama mwenye pengo na binti aitwaye Furaha. Akina Furaha ni wengi Kongo, wananiambia.

Baada ya kupona nilikwenda Lobule kumwona Shangazi Keji. Amezeeka, macho yana ukungu, lakini bado hataki mtu mwingine amchotee mgeni maji. Nilimwambia yote: kidudu, springi, tumbo la baba, tumbo la Mama Furaha. Nilitarajia abishe. Alipapasa nguo yake magotini.

"Yeye alikula sahani yote," alisema mwishowe.

"Yote, Shangazi."

"Mimi nilikuwa naona. Ile macho yake mimi naona mpaka leo."

Akainuka kwa shida, akaenda mtungini, akachota maji. Kwa mazoea ya maisha yake yote akakiinua kikombe mdomoni. Kikafika kwenye midomo, kikasimama hapo. Kisha akakishusha bila kupiga funda, akanyoosha mkono, akanipa.

Nilikunywa maji yote, kwa kuwa sikujua namna nyingine ya kumfariji. Nampenda Shangazi yangu, na sikumwambia nilichokuwa nawaza: kwamba hiki, kikombe cha kuaminiana bila kuonja, ndicho ambacho Mama Furaha alistahili kupewa mchana ule, na kwamba kama angepewa, mimi huenda ningekuwa na mama, na dada wa kunisuka nywele vibaya.