Siku Jirani Aliponasa Katika Ufa wa Mwamba

Juzi mwanangu alirudi na barua ya shule: darasa lao linakwenda kupanda milima, mzazi anunue viatu vya kupandia, kofia, mkoba wa maji na krimu ya jua. Nilisoma orodha ile jikoni nikacheka peke yangu, hadi mwanangu akaniuliza kama naumwa. Ndugu yangu, ngoja nikwambie sisi tulivyokwenda.

Ilikuwa Desemba ya mwaka ule wa Kombe la Dunia. Tulikaa Albert Park, mtaa wa wakimbizi katika mji wa pwani kusini kabisa mwa Afrika, ghorofa ya sita, kwenye jengo ambalo ukifungua dirisha unasikia maombi ya Kifaransa kushoto, rumba kulia, na honi za taxi chini. Mwalimu wetu wa shule ya Jumapili, kijana wa Bujumbura aliyetengeneza simu siku sita na kutufundisha ya saba, aliona tunakua kama kuku wa kufungiwa. Akatangaza kwamba Jumamosi tunakwenda kwenye bonde la miamba nje ya mji, tupenye ufa mwembamba kati ya kuta mbili za mawe, kisha tupande kilima kilicho juu yake.

"Mimi ni mtu wa milima," alisema. "Sharp?"

"Sharp!" tukajibu, yaani sawa, kama watoto wa mji ule.

Bibi yangu, tuliyemwita Koko, alikuwa na swali moja tu. "Iko mtu anatufukuza?"

Mwalimu akamwambia hapana, Koko, ni kwa furaha tu. Koko akamtazama kama mtu anayemhurumia mgonjwa. Yeye alizaliwa mbali kaskazini, kwenye milima ya juu ya Uvira, na mara mbili aliivuka akikimbia vita na watoto mgongoni. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ile ilikuwa furaha. Lakini alikuja, maana hakuamini kwamba mwalimu angetulisha. Alikuja na kandambili, sufuria ya maharage kichwani na chupa ya mawese mkononi. Jirani yetu, mama wa saluni, mwanamke mpana na mcheshi, akaja na gauni na viatu vya kanisani, kwa sababu alisikia kutapigwa picha.

Mwalimu alituongoza kwa vuvuzela, tarumbeta la plastiki la mashabiki wa mpira. Pigo moja, twende, mawili, simama. Tumbili wote wa bonde lile walihama siku hiyo. Jua lilichoma, mawe yalitoa harufu ya vumbi lililoungua. Tuliteremka ukingo mrefu kuliko mtu mzima, tukisukumana na kudakwa, ndipo tukafika kwenye ufa. Kuta zilipanda juu kama majengo ya kwetu, na katikati palimtosha mtu mmoja tu kupita kwa ubavu. Mwalimu akapita. Jirani akafuata, akafika katikati, akasimama.

"Endelea, mama," mwalimu aliita kutoka upande wa pili.

"Niendelee wapi? Jiwe limenishika!"

"Toa pumzi yote."

"Nikitoa yote nitabaki na nini?"

Sisi watoto saba nyuma yake tulicheka mpaka tukasikia ngurumo. Mvua ilikuwa inanyesha mbali, kichwani mwa bonde, na uzi wa maji ya matope ukaanza kupita kati ya vidole vyetu vya miguu. Kicheko kikakauka. Ule ukingo nyuma yetu haukupandika. Jirani akaanza kuimba wimbo wa misiba, kisha akatoa wosia.

"Muambie bwana yangu... hapana, musimuambie kitu. Ule atacheka."

Koko, aliyekuwa nyuma yetu, akatua sufuria, akapenya hadi kwa jirani. Akafungua chupa ya mawese, akammiminia jirani tumboni na mgongoni, yote.

"Koko! Nguo ya kanisa!"

"Mungu anajua mawese. Mwalimu, vuta!"

Koko akamsukuma kwa bega. Jirani akachomoka kama sabuni mkononi, akamwangukia mwalimu, na vuvuzela ikavunjika chini yao kwa mlio ambao hatukuwa tumefundishwa maana yake. Tukapita mbio, mmoja baada ya mwingine. Mimi nilipotoka, Koko akinisukuma kwa nyuma na sufuria yake mkononi, maji yalikuwa magotini.

Njia ikabaki moja, juu. Mwalimu akayatazama mawe yale, akakiri kwamba milima yake aliiona kupitia dirisha la basi. Koko hakumcheka. Alikaza kitenge, akarudisha sufuria kichwani.

"Pahali naweka mguu, na wewe weka. Usiangalie chini. Chini hatuna kitu."

Tukapanda hivyo, kwa mikono na magoti, hadi kileleni. Mji wote ulionekana, mdogo kama vifaa vya kuchezea, na bahari nyuma yake. Tulikula maharage kwa mikono, jirani aking'aa kama samaki wa kukaanga. Mwalimu aliposema tushuke kwa njia ya upande wa pili, Koko, aliyekaa pembeni kwenye jiwe, akasema, "Ngojeni kwanza."

Nilimfuata. "Koko, miguu inauma?"

"Hapana. Ni mara ya kwanza nafika juu ya mlima na sikimbii. Acha niangalie."

Tukangoja.

Koko tulimzika mjini, mahali tambarare. Jirani yuko Kanada, mwalimu alirudi Bujumbura, na ghorofa ya sita sasa wanakaa watu nisiowajua. Nakumbuka kwamba siku ile, pale juu, Koko hakuwa anatazama mji wala bahari. Uso aliuelekeza bara, kaskazini, kusiko na kitu ila vilima juu ya vilima. Sikumuuliza alikuwa anaona nini. Nilikuwa na miaka kumi, na maharage yalikuwa hayajaisha.