Ukili wa Kufika Dirishani

Wardah anapachika chane mbili mpya za ukindu pale za zamani zinapoishia, anazibana kwa kidole gumba, kisha mikono inaendelea. Ukili unaotoka vidoleni mwake ni mwembamba mno. Hakuna mkeka unaoshonwa kwa ukili wa namna hii, na jirani yake Khamisa, aliyekuja kuomba kaa la moto, hawezi kuliacha lipite.

"Mkeka wa nani huo, shoga? Wa panya?"

"Wa baba," anajibu Wardah bila kuinua uso.

Khamisa anacheka, kisha anaacha. Anajua kesho ni siku gani.

Ni alasiri katika mtaa mmoja wa Kismayo wanakokaa watu wengi wa visiwa vya Wabajuni. Mzee Sabir, baba yake Wardah, ameegemea ukuta wa mawe ya matumbawe na miguu ameinyoosha mbele. Anachana ukindu kwa kupapasa. Macho yake yote mawili yamefunikwa na utando mweupe, na kesho asubuhi atapelekwa kliniki ya macho, ng'ambo ya mji, akatolewe mtoto wa jicho. Atalala huko usiku mmoja, katika chumba cha wanaume, ambako mwanamke haruhusiwi kukesha.

Kwa mgonjwa mwingine, usiku mmoja si kitu. Sabir alizaliwa na ulemavu wa akili. Hana ndugu wa kiume aliyebaki, na hajawahi kulala mbali na binti yake tangu vita vilipowatoa kisiwani Chovae.

"Naogopa, sikufichi," anasema Wardah. "Kisu cha daktari sikiogopi. Naogopa aamke, aniite, asinisikie, atoke. Mji huu una vizuizi vya wenye bunduki. Mtu akiambiwa simama, anasimama. Baba akiambiwa simama, anasogea kuwaamkia."

Chovae, Sabir hakuwa siri wala aibu. Wavuvi walimjaribu baharini wakamrudisha, kwa kuwa alipopewa kamba ya nanga aishike, aliiachia ili apungie mkono watu wa ufukweni. Mama yake, Bibi Mwanatumu, akamkalisha kibarazani na kumfundisha kuchana ukindu. Kisiwani hiyo ni kazi ya wanawake. Wavulana walipita wakiimba, "Sabir wa ukili, mume wa barazani!" Naye akiitikia, "Eee!" kwa furaha, akidhani wanamsifu.

Aliozwa binamu yake, mwanamke mpole aliyefariki kwa homa ya uzazi Wardah akiwa bado wa kubebwa.

"Watu wakituona leo husema mimi namlea," anasema Wardah. "Wasisahau kwamba alinilea yeye. Nikilia usiku, hakujua kunibembeleza. Alilia pamoja nami mpaka bibi aje atunyamazishe wote wawili."

Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wenye bunduki walianza kufika visiwani kwa mashua. Walichukua nyavu, injini na chakula. Wakirudi, walichukua kilichobaki. Watu wa Chovae wakajifunza kuzika mahindi mchangani na kunyamaza.

Sabir hakujua kunyamaza. Siku moja waliokuja walimuuliza kwa Kisomali mahindi yako wapi. Alimshika mmoja wao mkono, kama unavyomshika mgeni, akawapeleka shimo kwa shimo.

"Hawakumpiga hata kofi," anakumbuka Wardah. "Walicheka wakampa sigara. Waliopigwa ni wenye mashimo."

Mmoja wa waliopigwa alikuwa nahodha Gharibu, mwenye chombo pekee kilichosalia. Watu wa Chovae walipokata shauri kukimbilia Kenya, alimwambia Bibi Mwanatumu maneno ambayo Wardah, aliyekuwa na miaka tisa, aliyasikia akiwa nyuma ya mlango: "Mchu huyu sipandi naye. Ufukweni kuna taa za wenye bunduki. Akiita mara moja tu, tumekwisha sote."

Mchu ni mtu, kwa Kibajuni. Wardah anapolirudia neno hilo hana hasira. Anasema nahodha alikuwa na watoto wake humo chomboni.

Bibi hakubishana. Alichukua ukili uliokuwa haujashonwa, akafunga ncha moja kwenye kifundo cha mkono wa Sabir na ya pili kwenye mkono wa Wardah. Akamwambia mwanawe: "Ukitaka kusema, usiseme. Vuta. Mwanao naye akivuta, ujue amekusikia."

Gharibu akasogea wapite.

Wakapita penye taa wakiwa wamelala chini, mmoja juu ya mwingine. Hakuna aliyekohoa. Sabir alivuta bila kuchoka, na kila alipovuta Wardah alimjibu. Hakutoa sauti hata moja. Wardah anakunja mkono wa dera lake na kuonyesha kovu jembamba kwenye kifundo. "Alikuwa na mengi ya kusema," anasema.

"Mengi," anaitikia Sabir kutoka ukutani. Anasikiliza kila neno.

Hofu iliyowatoa kisiwani ilikuwa ya kweli. Iliyofuata ilitoka kwenye shuka.

Katika kambi ya wakimbizi waliyofikia, upande wa Mombasa, watu wa misaada walikuwa wakitundika shuka jeupe baada ya sala ya isha na kuonyesha picha za sinema. Wengi wa visiwani hawakuwa wameona sinema kabla ya hapo. Ya kwanza ilionyesha watu wakichimba choo. Asubuhi yake yakaletwa majembe, kila safu ya mahema ikachimba choo. Ya pili ilionyesha watoto wakidungwa sindano. Haikupita muda, sindano zikaja, watoto wakadungwa.

Watu wakaelewa kwa namna yao: shuka linatangaza, na linalotangazwa hufanywa.

Ya tatu ilikuwa ya kuigiza, kwa lugha wasiyoijua, na hakuna aliyewaeleza. Ilimhusu baba mwenye akili za mtoto, anayesukuma mkokoteni wa mboga na binti yake mdogo amekaa juu ya mboga. Mwanzoni kambi nzima ilicheka. "Sabir! Mwone jamaa yako!" walimwita. Sabir alisimama akalipungia mkono shuka.

Kisha wakatokea watu waliovaa vizuri, wakamuuliza yule baba maswali, akashindwa kujibu. Wakamshika binti mkono, wakamtia garini. Baba akabaki barabarani, mkokoteni umepinduka, nyanya zikibingirika.

Kicheko kikafa. Sabir alikuwa haachi kufunga ule ukili kila jioni, na Wardah akahisi mkono wake unavutwa.

"Wampeleka wapi?" aliuliza baba yake kwa sauti. Alisahau kwamba kuvuta kunatosha. "Mwana yule, wampeleka wapi?"

Bibi Mwanatumu hakungoja mwisho. Aliinuka, akawashika wote wawili. Hemani alisema maneno machache ambayo mjukuu wake hajayasahau: "Walionyesha choo, tukachimba. Walionyesha sindano, tukadungwa. Sasa wameonyesha hili."

Alfajiri walikuwa wameshaondoka kambini. Waliacha hema, mgao wa chakula na majina yao kwa watu wa misaada.

Ni rahisi leo kuliita jambo hilo kosa. Lakini aliyelifanya alikuwa ameshaona shuka likisema kweli mara mbili, na alikuwa na mtoto asiyeweza kujibu maswali.

Mombasa waliishi katika chumba cha uani. Bibi na mjukuu walisuka, Sabir alichana, na mgeni akibisha hodi Wardah alijificha nyuma ya mitungi. Hakupelekwa shule, kwa kuwa shule ina watu wanaouliza baba yako nani. Baadhi ya jamaa waliobaki kambini walipata safari za Ulaya. Bibi alipofariki, Wardah akiwa mtu mzima, alimrudisha baba yake Kismayo, kwa sababu kila siku mzee aliuliza kama mahindi yamekwisha chimbuliwa.

Miaka mingi baadaye binamu yake Nuha, anayeishi Ulaya, alimpigia simu. Wakaikumbuka sinema ile.

"Nuha alicheka mpaka akakohoa," anasema Wardah. "Akasema, 'Wardah, ile ilikuwa hadithi tu! Hakuna aliyekuja kuchukua mtoto yeyote. Na mwisho wake yule binti alirudishwa.' Nikamuuliza, uliona kwa macho yako? Akasema aliona. Lakini Nuha ananipenda. Sijui."

Anaunga chane nyingine. Mkeka wa sala, akimaliza, huuza kwa dola tano au sita, na wiki hii hakushona hata mmoja. Wiki nzima imekwenda kwenye ukili huu.

Alipokwenda kliniki kuuliza, alimkuta muuguzi wa zamu ya usiku, kijana wa asili ya kisiwa cha Ngumi aitwaye Ishaq, akamweleza shida yake. Akaomba kitanda cha karibu na dirisha. Nje ya dirisha kuna kibaraza ambacho wanawake huruhusiwa kungojea. Akaomba pia ruhusa ya kupitisha ukili hapo.

"Nilidhani atanifukuza," anasema. "Akaniambia, 'Dada, mwezi uliopita mtu aliingia na jogoo wake, akagoma kutibiwa mpaka jogoo afungwe mguuni mwa kitanda. Ukili una kelele gani?'"

Khamisa, aliyesahau kaa lake muda mrefu, anapangusa macho kwa ncha ya leso.

Siku hiyo Wardah alipima kwa leso yake mwenyewe: kutoka kitandani, kupita dirishani, mpaka mahali atakapokaa. Sasa jua limeshuka nyuma ya nyumba na muadhini anasafisha koo. Anampa baba yake ncha moja aishikilie ukutani, yeye anarudi kinyumenyume na ncha ya pili kuelekea mlangoni, alikoweka jiwe la alama ya urefu huo. Ukili unakaza kabla hajalifikia. Umepungua urefu wa mkono mmoja.

"Umefika?" anauliza mzee.

"Bado, Baba. Tutamalizia asubuhi, kabla ya kwenda."

Zile chane anaziacha wazi, hazifungi fundo. Bibi Mwanatumu alikuwa akisema kazi ya mtu anayekwenda safari isifungwe fundo, ili mkono wake uwe na pa kurudia. Anazikunja ndani ya kitambaa kibichi zisikauke.

Mzee Sabir ana mpango wake. Tangu macho yaingie ukungu amekuwa akichana ukindu mweupe mtupu, kwa sababu rangi haioni. "Nikiona, tutatia nyekundu," anasema. "Nyekundu nyingi. Mkeka mkubwa wa kulala wote."

"Inshallah, Baba."

Mzee bado ameshika ncha ya ukili.

"Kesho mimi nikiogopa, navuta."

"Ndiyo."

"Na wewe ukiogopa?"

Wardah anashika ncha yake na kuvuta, polepole. Kutoka ukutani, mzee anavuta naye.