Mguu wa Kushoto wa Mama wa Udongo

Chanzo cha safari hii ni mdomo wangu. Naoko, mwalimu Mjapani anayefundisha watoto ufinyanzi uani kwake mtaa wa Hurlingham, alinipa picha ya sanamu ya kwao ya kale. Ni mwanamke wa udongo aliyefukuliwa ardhini baada ya maelfu ya miaka. Akaniomba nimfinyangie nakala, na ikimridhisha, tutafundisha pamoja kila Jumamosi. Basi mimi, mtengenezaji wa majiko ya makaa, nikasimama kanisani wakati wa matangazo nikatangaza kwamba nimekuwa mwalimu. Wakanipigia makofi. Sanamu ikikataliwa, Jumapili nitaketi wapi?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyumbani Waithaka. Mama wa udongo yuko tayari, urefu wake kama mkono hadi kiwiko, macho kama mbegu mbili za kahawa. Kwenye picha alikuwa na mguu mmoja tu. Katika kazi yetu, jiko likitoka tanurini likiwa na kasoro halifiki sokoni, linawekwa nyuma ya nyumba kuku watagie. Nikaona aibu kumpelekea mteja kitu nusu. Nikamwongezea mguu wa kushoto, tena bila kuuliza.

"Umefanya vizuri," alisema mke wangu Nyambura, ambaye goti limemsumbua tangu ateleze kwenye matope mwaka jana. Akanipa shali yake nimfunike mama wa udongo. "Lakini panda gari, Baba Wairimu."

"Matuta yatamvunja."

Nikaondoka kwa miguu, nimevaa viatu vya kanisani, maana mwalimu havai ndala.

Saa moja na nusu, Riruta. Kandokando ya Naivasha Road mama muuza mandazi alinisimamisha. "Woi, baba, mtoto ako na miezi ngapi?"

"Ana miaka elfu tatu."

Akaifunua shali, akatazama yale macho, kisha akanitazama mimi. "Aki mmefanana," akasema, akanipa andazi bila kuitisha kitu. Nadhani alinihurumia.

Saa tatu kasoro, Dagoretti Corner. Malengelenge mawili, moja kila kisigino. Nilikaa kwenye ukingo wa barabara nikampakata mama wa udongo, nikawa naona watu wenye akili wakipita ndani ya magari. Kurudi nyumbani ilikuwa haiwezekani. Kanisa zima lilikuwa likinisubiri.

Saa nne na nusu, Hurlingham. Niliingia kwa Naoko nikichechemea kuliko hata Nyambura. Alipokea sanamu kwa mikono miwili, akaiweka juu ya meza, akaizunguka polepole. Jasho likanitoka upya.

"Fundi, ni nzuri sana," akasema mwishowe. "Lakini huu mguu umetoka wapi?"

"Nimemwongezea," nikasema kwa majivuno. "Hiyo ni zawadi."

Hakucheka. Akavuta kiti akanikalisha. Akaeleza kwamba sanamu nyingi za namna hii hupatikana zimevunjika, na kwamba wako wataalamu wanaodhani waliozitengeneza ndio walizivunja makusudi. Mtu akiumwa mguu, sanamu inavunjwa mguu, maumivu yabaki kwenye udongo.

"Kwa hivyo nimeharibu," nikasema.

"Bado." Akanipa nyundo ndogo ya mbao. "Vunja."

Jamani! Mtu nimetembea kutoka Waithaka nimemkumbatia asipate hata mkwaruzo! Maisha yangu yote sijawahi kuvunja kazi iliyotoka tanurini salama. Nikafumba macho, nikagonga. Tak.

Nilipofumbua, Naoko alikuwa anapitisha kidole pale palipovunjika. "Nakala zote nilizoona," akasema taratibu, "mafundi wanafinyanga kipande cha mguu tu, halafu wanakilainisha ncha. Hii ndiyo ya kwanza niliyoona ikiwa nzima kwanza, kisha ikavunjika. Jumamosi saa tatu, Mwalimu. Usichelewe."

Machozi yalinitoka. Nilisingizia malengelenge.

Saa nane mchana, Waithaka tena. Nilirudi kwa gari, mguu wa udongo ukiwa mfukoni. Nyambura alikuwa mlangoni akichambua maharagwe, mguu ameunyoosha juu ya kigoda. Nikamweleza yote, nikamwekea ule mguu mkononi.

"Baba Wairimu, sisi ni watu wa kanisa."

"Najua. Shika tu."

Akaugeuzageuza. "Huu ni wa kushoto?"

"Wa kushoto."

"Goti langu ni la kulia." Akanikazia macho. "Mwaka mzima nachechemea mbele yako, na hujui ni mguu gani!"

Akacheka hadi maharagwe yakamwagika. Mimi nilicheka kidogo tu, kwa sababu ilinichoma. Nilikuwa nimeona mara moja, tena kwenye picha, kwamba mama wa Japani amekosa mguu, na huyu ninayekula naye kila siku sikuwahi kumtazama vizuri. Hilo ndilo nililojifunza, na sikuhitaji kwenda mpaka Hurlingham kulijua.

Nimeanza kufinyanga mwingine. Atakuwa na miguu yote miwili hadi atoke tanurini, kisha nitamweka mbele ya Nyambura nimpe nyundo. Safari hii utavunjwa mguu wa kulia. Nimeuliza kwanza.