Saa Iliyosimama Mkononi mwa Baba

Hivi karibuni, sokoni Nkwenda, fundi alifungua mgongo wa saa kuukuu ya mkononi, yenye uso wa rangi ya maziwa. Ndani, chuma chenye umbo la nusu mwezi kiliyumba kila alipoisogeza. Nilishindwa kuondoka.

Saa ya baba ilikuwa ya aina hiyo. Haikuwa na betri, wala hakuitia ufunguo. “Inaishi kwa mkono wangu,” alisema, nami, mtoto mdogo, nikaamini kwamba inakunywa damu yake. Kisha akaugua malaria. Alilala bila kujigeuza, chumba kikinuka jasho na majani machungu ya mubirizi aliyochemshiwa, na mchana mmoja nikaona mshale wa sekunde umesimama. Nilidhani baba anakufa.

Niliivua taratibu, nikaivaa na, kwa kuwa ilinipwaya, nikaipandisha hadi juu ya kiwiko, nikatoka nje nikilia. Shangazi alikuwa akianika kahawa.

“Bwana mkubwa, saa ngapi?”

“Saa ya baba imekufa.”

Akacheka. “Basi shika reki ugeuze kahawa. Itafufuka ikikuona unafanya kazi!”

Niligeuza kahawa mkeka kwa mkeka, harufu yake tamu yenye uchachu ikinijaa puani. Nilipoiweka saa sikioni, ilikuwa inagonga.

Nilikimbia ndani, nikamvika. Jioni ile baba aliomba uji.

Sasa najua kwamba dawa ndiyo iliyomponya, na kwamba chuma kile hukaza springi mkono unaposogea. Lakini fundi aliponipa ile saa niishike, mkono wangu ulianza wenyewe kwenda mbele na nyuma, kama umeshika reki.