Pini ya Pangaboi

Mwaka 1964, mwezi wa tano, masika yakiaga na kiangazi kikiingia, nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mama wa mtoto mmoja, sijui kusoma wala kuandika. Shule niliingia nikiwa na miaka thelathini. Ndiyo maana, mwanangu, tarehe naziheshimu kuliko wale waliofundishwa mapema.

Nakumbuka siku moja ya mwezi huo, dukani kwetu, mtaa wa Kilibula, mjini Uvira. Mume wangu, Stefano, aliuza mashine za mitumbwi, kazi aliyoachiwa na mfanyabiashara mgeni aliyeondoka baada ya uhuru. Mashine mpya ilipouzwa, mnunuzi alisindikizwa hadi ufukweni kwa nyimbo. Mnunuzi wa pini hakuimbiwa na mtu. Nayo pini ndiyo hushika pangaboi linalosukuma mtumbwi majini: kijiti cha shaba, laini kwa makusudi, ili pangaboi likigonga jiwe kijiti kivunjike na mashine ipone.

Mama mkwe wangu, mwenye mitumbwi miwili ya kuvulia ndagala, dagaa wa ziwani, alikuja kutafuta pini akakuta hakuna. Stefano alimweleza kwa upole kwamba kutoka Usumbura, Burundi, aliagiza kinachonunuliwa upesi. Pini zilikuwa zikikaa msimu mzima kabla ya kuulizwa, na zilipokwisha hakuagiza nyingine.

"Mama, vile vidude vinalala tu," alisema. "Mashine ndiyo inatembea."

"Mawe ya pwani ya Kalundu hayalalaka, mwana wangu. Weye unahesabu mashine zenye ziko mu duka. Hesabu zenye ziko mu maji."

Tulicheka. Stefano akaahidi kwamba shehena ijayo italeta pini. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Shehena ijayo haikufika. Waasi waliingia Uvira, njia zikafungwa. Mashine mpya zilichukuliwa zote asubuhi moja, maana kitu kizima humvutia kila mwenye bunduki. Watu wakaanza kuvuka ziwa kwenda Burundi. Mimi na mtoto tulitangulia na mama mkwe kwa mtumbwi wa makasia. Stefano alibaki kuwachukua wazee wa mtaa wa Rugenge wasioweza kutembea, kwa mtumbwi wake wenye mashine.

Nilimngoja ng'ambo hadi kiangazi kikaisha.

Habari kamili niliisikia mwezi wa nane, mwaka 1967, tulipokwisha kurudi, mbele ya tribunali, yaani mahakama, ya Uvira, kinywani mwa msaidizi wa Stefano, mtu pekee aliyeokolewa na wavuvi. Walipotoka Kalundu pini yao ya mwisho ilivunjika kwenye mawe. Kwa kukosa nyingine, Stefano alichomeka msumari wa chuma. Pangaboi likagonga jiwe tena. Msumari haukuvunjika, kilichovunjika ni mashine yenyewe. Upepo wa milimani ukawasukuma mbali na pwani, mawimbi yakawafunika.

"Mtumbwi ulikuwa wa muuza mashine," shahidi alisema, "na pini hatukuwa nayo."

Karani akamwuliza mama mkwe kama anakubali mwanawe aandikwe marehemu. Angeweza kutukumbusha maneno yake ya dukani. Hakuyataja. Alisema tu, "Andika."

Mwanangu, nawe sasa unauza mashine: ukiuza kitu kizima, siku huchaguliwa na mnunuzi. Kikivunjika, siku huchaguliwa na jiwe. Basi usikipime kipuri kwa mwendo wa sokoni. Kila mashine uliyoiuza imekwenda na njaa yake ya vipuri, nayo njaa hiyo itarudi kwako. Ijue mashine iko wapi, ujue ni kipi kitakachovunjika kwanza, ukiweke kabla njia haijafungwa, hata kikikaa miaka kikila vumbi. Akiba haiozi.

Siku ile nilitoka tribunalini na mama mkwe, mimi mjane kwa maandishi, yeye mama asiye na kaburi la kupalilia. Kwenye ngazi aliniwekea mkono kichwani, akanipa baraka ambayo nami nakupa wewe, bila kuipunguza: "Mungu akusaidie, kila safari yako ikuwe na ng'ambo."