Jeneza la Kumbeba Mzima

Fomu yake ya kazi ilisema kwamba Semeni binti Mwinyijuma hajui kusoma wala kuandika, na fomu ilisema uongo. Karani aliyeijaza alimwuliza kama anazijua A, B, C. Akasema hazijui, karani akapiga mstari, basi. Hakumwuliza kama alikaa chuoni kwao Ushongo miaka sita akahitimu Kurani, wala kama huandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa mwandiko ambao hata maalimu wake aliuonea kijicho. Semeni naye hakumsahihisha. Alikuwa amekuja kutafuta kazi ya kuosha wagonjwa, si kumfundisha karani namna ya kuuliza.

Hiyo ilikuwa mwaka 1951, katika hospitali moja ya mjini Tanga. Mumewe alikuwa amemwacha kwa kosa la kujibu, na wanaomjua watakuambia kosa hilo alilifanya kweli. Akapanga chumba Chumbageni, akapewa wodi ya wanaume waliovunjika.

Wengi wao walikuwa wakwezi wa minazi kutoka pwani yote ile, walioteleza huko juu wakaja chini kwa mgongo. Walilala miguu yao ikiwa kama mizigo ya mtu mwingine. Kazi ya Semeni ilikuwa kuwaosha na kuwageuza kila baada ya saa mbili wasiote vidonda. Vidonda vikaota vilevile, maana wagonjwa walikuwa thelathini na yeye ana mikono miwili.

Mwaka wa pili akaletwa Kombo, kijana wa kwao, mtoto wa Mzee Jaku aliyekuwa mkuu wa wakwezi wa Ushongo. Alikuwa amepooza kuanzia kitovuni. Siku moja Semeni akimwosha, kijana akasema, "Dada Semeni, nilipofika chini vidole vya miguu vilikuwa vinacheza. Niliviona kwa macho yangu. Baba aliponiinua aniegemeze mnazini, nikasikia kitu kimekatika. Vikazima palepale." Akamshika mkono. "Usimwambie baba. Aliniinua kwa kunipenda."

Kombo alikufa mwezi wa saba. Semeni alikwenda nyuma ya stoo akalia, akarudi akaendelea na kazi. Lakini maneno yale hayakumtoka.

Maana kwao mkwezi akianguka haachwi chini. Kumwacha amelala ni kumtabiria kifo. Huinuliwa haraka kwa makwapa, akaegemezwa kwenye mnazi uleule uliomwangusha, akanyweshwa dafu la mnazi huohuo ili umrudishie nguvu zake. Na anayefanya hayo ni mkuu wa wakwezi kwa mikono yake. Ndiyo heshima yake. Kisha mgonjwa hutiwa kwenye machela, shuka lililofungwa kwenye mti, akabebwa amekunjika katikati kama kifuko cha ndimu. Semeni akaanza kuwauliza ndugu wa kila aliyeletwa: mlimwinuaje? Mlimbebaje? Vidole vilicheza?

Mwaka 1954 alikuja Daktari Halowei, Mwingereza, mpasuaji wa vichwa na migongo. Alikuja na uchunguzi wake. Alitaka kujua kwa nini watu wawili wanaanguka kutoka urefu mmoja, mmoja akatembea na mwingine asitembee tena. Alikuwa na daftari kubwa. Aliandika umri, uzito na ubavu ulioangukiwa, akapiga picha za mifupa, na Jumapili akaenda mashambani kupima minazi kwa kamba, wenye minazi wakimwonea huruma kwamba jua limempata.

Asubuhi moja Semeni akasimama mbele yake na beseni mkononi. "Bwana Daktari, umeuliza sana habari za mnazi. Hujauliza habari za waliombeba."

"Wamebeba ndugu zao," Halowei akasema. Kiswahili alikijua vizuri. "Niandike nini hapo?"

"Andika wamembebaje."

"Semeni, beseni limejaa."

Akaenda kulimwaga. Wenzake wakamwambia, mkono usioweza kuukata, ubusu. Semeni hakuzaliwa na midomo ya kubusu mikono. Tangu siku hiyo kila jibu la ndugu akaliandika nyuma ya karatasi za dawa zilizotupwa, kwa herufi alizofunzwa chuoni. Alipofikisha watu ishirini na sita alizitua zile karatasi juu ya meza ya daktari.

Halowei akazigeuza huku na huku. "Hiki ni Kiarabu."

"Ni Kiswahili, Bwana Daktari. Ni wewe ndiye hujui kusoma."

Nesi aliyekuwepo alitazama dirishani. Semeni akasoma moja moja bila kukaribishwa kiti. Waliokalishwa kisha wakakunjwa kwenye machela walikuwa kumi na saba, na kumi na watano kati yao hawatembei. Kumi na mmoja katika hao vidole vyao vilicheza chini ya mnazi, vikazima njiani. Waliobebwa wamenyooka, huyu juu ya mlango, yule juu ya ubao wa kuanikia mbata, walikuwa tisa. Asiyetembea ni mmoja.

Daktari akazikusanya zile karatasi. Akamweleza kwamba ndani ya uti wa mgongo mna ugwe laini sana, na mfupa uliovunjika ukipindwa unaweza kuukata. Jambo lenyewe, akasema, linawezekana. "Lakini ishirini na sita ni wachache. Na ndugu husahau. Tungoje wawe wengi zaidi."

"Wawe wengi zaidi wa kuanguka?"

Akamfukuza ofisini. Karatasi, hata hivyo, hakuzirudisha.

Mwaka 1956, Mfungo Sita, Semeni alipewa ruhusa ya siku nne kwenda kwao kwenye Maulidi. Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, alikuwa jikoni na mama yake wakichambua mchele wakasikia ukelele kutoka shambani. Uweso, mdogo wake wa mwisho, alikuwa amepanda kuangua nazi za kuungia wali wa Maulidi.

Semeni alikimbia bila viatu. Akamkuta Uweso amelala chali, macho wazi, na Mzee Jaku amekwisha piga goti, mikono inaingia makwapani.

"Mzee Jaku, toa mikono!"

Hata shikamoo hakutoa. Watu waliiona hiyo kwanza kabla ya yote.

"Uweso, chezesha vidole vya miguu."

Vikacheza, kidogo, lakini vikacheza.

"Mmeviona? Kila mwenye macho avitazame, kesho asije akasema hakuwepo. Mtu asimguse."

Mzee Jaku akainuka. Alikuwa mtu wa miraba minne bado, na hakuzoea kufokewa na mwanamke. "Nimeinua watu kabla hujazaliwa, binti Mwinyijuma."

"Umewainua. Wangapi wametembea?"

"Ajali haina kinga. Ni kadari ya Mungu."

"Kuanguka ni kadari, Mzee Jaku. Kuinuliwa ni wewe."

Watu wakaguna. Mzee akainama tena, maana heshima yake ilikuwa imelala pale mchangani na kila mtu anaitazama. Semeni akajitupa kati yake na mdogo wake, na kwa hasira na hofu likamtoka lile alilolifungia miaka minne: "Kombo naye vidole vyake vilicheza! Aliniambia mwenyewe. Vilicheza mpaka ulipomwinua!"

Mzee Jaku alibaki ameinama, mikono ikining'inia. Kisha akasema taratibu, "Unamsingizia maiti," akageuka akaondoka.

Semeni hakuwa na nafasi ya kumfuata wala kujuta. Alihitaji kitu kilichonyooka, kigumu, kinachobebeka mbali. Mlango wa kwao ulikuwa wa makuti. Akawatuma vijana wawili msikitini wakalete jeneza.

Imamu alikuja nalo mbiombio, akilishikilia kwa nyuma. "Hili ni wakfu wa maiti! Halijapata kubeba mzima tangu liundwe."

"Basi tukae tungoje, Imamu. Akishakuwa maiti utatuazima?"

"Utaleta mkosi kijijini."

"Mkosi tunao tayari, tunauita dafu." Akamtazama usoni. "Nitalirudisha. Na atakayelirudisha ni Uweso, amelichukua begani kwake, kwa miguu yake. Asipoweza, mniseme mpaka nife."

Aliyasema hayo kwa sauti kubwa, na moyoni hakuwa na hakika, kwa sababu vidole vile vilikuwa vimecheza kidogo tu. Akawapanga wanaume sita, mmoja wa kushika kichwa, wengine mikono chini ya mabega, kiuno na mapaja, wakamwinua kwa pamoja kama ubao. Wanawake wakakunja kanga wakamkaza pande zote asitikisike. Safari ya kwenda Pangani ikaanza, mwendo wa nusu siku.

Na hapo ndipo jeneza lilipomlipa. Mtu wa pwani haachi jeneza likapita. Kila waliyekutana naye njiani aliweka chini mzigo wake, akasema "Inna lillahi," akatia bega kupata thawabu. Wabebaji hawakukatika hata hatua moja. Karibu na Bweni, penye kivuko cha Pangani, mzee mmoja alikuwa akiendelea kumwombea marehemu msamaha kwa sauti nzuri, na marehemu akaomba maji. Mzee alipiga ukelele, lakini bega hakulitoa, na Semeni anamshukuru mpaka leo. Wakavuka kwa pantoni. Ng'ambo wakapata lori la kwenda Tanga, Semeni akamlazimisha dereva atandike magunia ya mbata na aendeshe kwa mwendo wa kobe, na kila alipokaza mwendo alipigiwa ngumi kwenye bodi.

Halowei alipotazama picha, mfupa ulikuwa umevunjika vibaya. Akamgusa Uweso nyayo. Miguu ikashtuka.

"Ugwe ni mzima," akasema. "Ungekunjwa mara moja tu, basi. Nani alimbeba?"

"Waislamu wa njia nzima."

Akamfunga plasta kutoka makwapani hadi nyonga. Kisha akafungua daftari lake, akachora safu mpya kwa rula, na juu yake akaandika: Alibebwaje. Semeni alisimama akimtazama. Hakufurahi hata kidogo.

"Nilikuletea karatasi zile mwaka jana, Bwana Daktari. Waliokuja tangu hapo, wale uliokuwa unangoja wawe wengi, nao utawaandika?"

Halowei akaweka kalamu chini. "Nitawaandika," akasema. "Mmoja wao mpaka leo nalikumbuka jina lake. Nimekosa, Semeni." Tangu wiki ile yeye akawa anauliza na Semeni akiwa karibu, na barua ikatumwa kwa kila jumbe wa pwani kwamba mkwezi aliyeanguka asikalishwe. Wengi waliisikia wakacheka. Barua ya Mzungu itaujuaje mnazi?

Huko Ushongo mambo yalikuwa mabaya. Mzee Jaku alikuwa ameapa kwamba Semeni amemzushia marehemu. Mama yake Semeni alikwenda kisimani akarudi bila kuamkiwa. Watu walingoja kitu kimoja tu, kama Uweso atatembea.

Miezi mitano baadaye pantoni iliteremsha watu Bweni, na miongoni mwao Uweso, mwembamba, anachechemea mguu wa kushoto, na pembe ya jeneza begani. Marafiki wawili walishika pembe nyingine. Ya nne aliishika Semeni.

Njiani mtu akamwambia, "Mwanamke habebi jeneza."

"Ndani mna maiti?"

"Hamna."

"Basi nabeba kitanda. Pisha."

Walipumzika mara nyingi. Alasiri wakaingia kijijini, na watu wakatoka majumbani kuitazama miguu ya Uweso, maana uso hakuna aliyeuangalia. Pale penye mnazi uliomwangusha alikuwa amesimama Mzee Jaku na wakwezi wake wote, wamefunga njia. Amekonda. Watu wakajua leo ipo kazi.

Semeni akatua jeneza. Safari hii alisalimia. "Shikamoo, Mzee Jaku."

Mzee hakuitikia. Alimtazama Uweso kuanzia unyayo mpaka utosi, halafu akamgeukia Semeni. "Kombo alisema vile? Sema kweli, mwanangu. Mbele ya Mungu."

Hasira zote za miezi mitano zilimjaa, na chini yake huruma iliyomchoma kuliko hasira. Angeweza kusema alikosea, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini vijana walikuwa wamesimama pale, na kesho watapanda.

"Alisema. Vilicheza. Akaniomba nisikuambie, kwa sababu ulikuwa unampenda."

Mzee Jaku alitikisa kichwa mara mbili, polepole. Kisha, mbele ya kijiji kizima, akajilaza chali chini ya mnazi, kanzu na kofia yake mchangani, mikono ubavuni.

"Mimi nimeanguka," akasema. "Wafundishe."

Semeni akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akawaita vijana kwa sauti ileile ya kufokea. Wewe kichwani. Wewe mabegani. Ninyi wawili kiuno na mapaja, wewe miguu. Wakapiga magoti kumzunguka. Kijana mmoja, kwa mazoea, akapeleka mikono makwapani.

Mzee Jaku, amelala vilevile, akaipiga kofi ile mikono.

"Toa mikono hapo," akasema. "Hapo ndipo nilipomuua mwanangu."