Kichwa Kimepona, Bomba Je?

Miaka kumi na moja Mama Pasi alinyoosha mashuka ya wagonjwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, na jina hilo alilipata kwa sababu shuka likitoka mikononi mwake halikuwa na kunyanzi hata moja. Kisha siku moja bomba la mvuke likapasuka karibu na sikio lake. Aliungua shingoni, si sana. Kidonda kikapona, hofu ikabaki. Akisikia mvuke ukilia tu, moyo mbio, anatoka nje.

"Unajidekeza," msimamizi alimwambia mbele ya wenzake. Nyumbani wifi yake akadakia, "Kazi imemshinda, anatafuta kisingizio." Miezi mitatu aliyameza hayo. Angevunjika mguu wangemletea magongo. Ametishika roho, wanamcheka!

Muuguzi mmoja ndiye aliyempeleka kwa mshauri nasaha wa hospitali, binti mpole wa sauti, mkali wa maswali. Alimpa daftari.

"Andika, mama. Nini kimetokea, umewaza nini, hofu ni ngapi kwa kumi, umefanya nini."

Akaandika: *Mvuke umelia. Nitakufa leo. Kumi. Nimekimbia.*

"Ushahidi wa kwamba utakufa leo ni upi? Na wa kupinga?"

Wa kupinga ulikuwepo: miaka yote hiyo, bomba lilipasuka mara moja.

"Ukikimbia, mwili haupati nafasi ya kuona kwamba hofu hushuka yenyewe," binti alisema. Wakapanga hatua: kwanza akae karibu na birika la nyumbani likichemka, halafu asimame mlangoni pa chumba cha kufulia, mwisho mashine ya mvuke yenyewe. Pale mlangoni hofu ilianza tisa. Alisimama jasho likimtiririka, ikashuka hadi nne.

Lakini daftarini, upande wa ushahidi wa kuunga mkono hofu, alikuwa ameandika: *Bomba lililopasuka limefungwa kwa waya tu.* Mshauri akasoma mara mbili.

"Hili si wazo potofu, mama. Hili ni bomba bovu."

Hapo hasira zikampanda Mama Pasi. Kesho yake akamkabili msimamizi chumbani mwa kufulia, mbele ya wenzake.

"Kumbe umepona! Haya, shika kazi."

"Kichwa kimepona. Bomba je?"

"Si limefungwa?"

"Kwa waya! Ulijua, na bado ukaniambia najidekeza?"

Wenzake wakazima mashine moja baada ya nyingine. Siku nne mashuka yalirundikana, mpaka bomba jipya likaja.

Alirudi kazini. Asubuhi nyingine moyo bado humdunda, naye husimama palepale hadi utulie. Msimamizi hajamwomba radhi mpaka leo. Akipita, Mama Pasi humwamkia kwa heshima zote, ila hamchekei.